Kizibo cha Zambarau

Saa tisa usiku, maabara ya hospitali, Makadara.
Mashine ya kuhesabu chembe yanguruma kama paka aliyeshiba.
Jina langu Mwanakombo, ila humu
naitwa Maabara, kama mtu aliyeitwa Mlango.
"Maabara, vipi?" simu yauliza.
Hujibu kwa tarakimu.

Leo zimeletwa chupa mbili,
vizibo zambarau, joto la wenyewe lingali ndani.
Ya kwanza ya Bi Rukiya wa Kibokoni, miaka sabini na minne,
kikohozi chake chasikika hadi kwa bawabu.
Ameshausia bangili zake
na kumsamehe shoga yake deni la kanga mbili.

Ya pili ya Mbaruku Chea, dereva wa winchi Kilindini,
aliyeingia kwa miguu yake, akicheka:
"Mafua tu haya. Mke wangu ndiye mgonjwa wa wasiwasi,
mimi nimemsindikiza."

Nazipanga sambamba. Wekundu mmoja.
Miaka kumi na minane kazini,
na ukiniuliza kwa macho nitakwambia damu ni damu.

Mashine haina macho, yahesabu.
Limfosaiti za Bi Rukiya
zimejaa kama Marikiti siku ya kuamkia Ramadhani.
Za Mbaruku, nukta nne:
Marikiti iyo hiyo, usiku wa manane,
paka wawili na mlinzi amesinzia.
Protini ya mwako, mia moja na themanini.
Feritini, elfu moja na mia sita.
Na vile vipande visaliavyo
damu ikijigandisha mahali isipotakiwa
vimepita kiwango mara tano.

Narudia. Mashine nazo huongopa,
hasa stima ikichezacheza.
Narudia tena.
Nukta nne.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Hawakusema kata hulala vipi.

"Lakini anacheka," asema Daktari Kadzo,
sauti imekauka kwa zamu ya pili mfululizo.
"Ameniomba chai na mahamri."
Namsomea upya, polepole, kama mtu asomaye anwani.
Kimya. Kisha nasikia kiti kikisukumwa nyuma.

Ukumbini mkewe amekaa, buibui limejaa vumbi la safari.
"Dadangu, ndiwe wa damu?"
"Ndimi."
"Yasemani?"
Hapo kazi yangu hunitia kizibo,
cha rangi gani sijui.
"Daktari atakwambia," nasema,
nami nayaona macho yake yakinihesabu.

Ningempa nini? Tarakimu si Izraili.
Ni wingu upande wa Likoni:
waliona, waanua nguo,
na mvua huenda ikamwagika Changamwe.
Mwaka ule wa barakoa nilimwona mzee
mwenye hesabu mbovu kuliko hizi
akitoka na godoro lake kichwani.
Nikamwona pia binti wa hesabu safi.
Simtaji.

Walimhamisha kitanda kabla ya alfajiri,
karibu na mtungi wa oksijeni.
"Mwanipeleka wapi, mimi si mzima?"
Saa kumi na mbili kicheko kikakatika katikati,
kama redio iliyochomolewa.
Barakoa ya hewa ilikuwa tayari, imening'inia mkononi pa muuguzi.
Hawakukimbia kuitafuta.
Hiyo ndiyo kazi ya tarakimu, basi: kuwaondolea watu mbio.

Siku ya pili. Siku ya tatu.
Bi Rukiya ameamka, ametaka uji wa pilipili manga,
anazidai bangili zake,
na deni la kanga, asema, halijasamehewa:
alikuwa na homa.

Siku ya nne, chupa yenye jina la Mbaruku.
Naishika kiganjani kuliko ipasavyo.
Mashine yanguruma.
Nukta sita.

Nukta sita si kitu. Marikiti bado giza.
Ila nimesikia, naapa nimesikia,
mtu mmoja akifungua kibanda.